Miaka Mitatu ya Kujifunza Kihispania

Mwaka huu nimeanza kujifunza Kihispania. Sina sababu kubwa. Nataka siku moja nisome Don Quijote bila kushikwa mkono na mfasiri, na najua hiyo ni safari ya miaka. Kwa sasa niko pale wanapoanzia wote: nataja siku za wiki, naagiza kahawa ambayo sitainywa, namuuliza mtu asiyekuwepo maktaba iko wapi.

Msemaji wa Kiswahili hapati taabu sana mwanzoni. Irabu ni zile zile tano, nazo hazigeuki-geuki kama za Kiingereza, unasoma unachokiona. J yao ni jirani wa kh ya Khamis. Z yao, kama inavyotamkwa Madrid, ni th ya thelathini. Kinachosumbua ni vitenzi, lakini mtu aliyekulia kwenye ningekuwa na ningalikuwa hana uso wa kulalamika.

Halafu yanakuja maneno, na hapo ndipo nilipoacha mazoezi nikaanza kusoma historia.

Nilipokutana na fulano sikuhitaji kamusi. Ni fulani wetu, mtu yule asiye na jina, na kazi yake ni ile ile. Hasta, ile ya hasta mañana, ni hatta ya Kiarabu, ndugu wa hata yetu ya "hata leo hajarudi". Azafrán ni zafarani. Azúcar ni sukari iliyobeba kiambishi chake cha Kiarabu mgongoni. Cifra, tarakimu, imetoka kwenye shina moja na sifuri. Ojalá, neno la kutamani jambo litokee, limetoka kwenye maneno ya Kiarabu ya "Mungu akipenda", na linasemwa leo na watu ambao hawajawahi kukanyaga msikitini. Tena ojalá hudai kitenzi kigeuze mwisho wake: habla, anasema, inakuwa hable. Nasi vivyo hivyo, asema inakuwa aseme. Hii ya mwisho ni sadfa tupu, haina undugu wowote, lakini ilinifurahisha jioni nzima.

Yaliyonivuta zaidi ni yale yaliyopoteza cheo njiani. Alguacil ni al-wazir. Kwetu waziri bado anapandishiwa bendera kwenye gari. Uhispania neno lilishuka ngazi hadi likawa la mtumishi wa mahakama anayepeleka hati za wito. Alcalde ni kadhi, lakini huyu hahukumu mirathi tena, ni meya wa mji. Rehén linatoka mlango mmoja na rehani yetu, ila kinachowekwa rehani huko ni mtu: maana yake mateka. Na mezquino, ambalo kwa asili ni maskini, leo ni bahili, mtu wa roho ndogo. Sijui kama kuna hukumu nyingine kali namna hiyo iliyopitishwa na lugha bila hakimu kukaa kitini.

Orodha za namna hii zimejaa mitandaoni, na nyingi huishia hapo: tazama jinsi tulivyo ndugu, tupige makofi. Mimi iliniachia swali. Maneno haya hayakufika Uhispania kwa jahazi la biashara kama mengi ya kwetu. Yalikuwa ya watu walioishi pale pale, walioanza kuingia mwaka 711, wakakaa karibu miaka 800 wakitawala eneo lililozidi kupungua, wakalima, wakajenga, wakaoana na wenyeji. Basi waliokuwa wakisema wazir na miskin walikwenda wapi? Na walipoambiwa waseme Kihispania, nani aliwafundisha?

Ukitaka kujibu lazima uanzie 1492, mwaka ambao kila mtu anaujua kwa jambo moja tu. Tarehe 2 Januari, Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu katika Uhispania, ulikabidhi funguo zake kwa Isabel na Fernando. Mkataba uliotiwa saini wiki chache kabla uliahidi kwamba wenyeji watabaki na dini yao, sheria zao na makadhi wao. Machi, Wayahudi waliamriwa wabatizwe au waondoke. Tarehe 3 Agosti Columbus alitweka tanga. Na tarehe 18 Agosti, siku 15 baadaye, huko Salamanca kilitoka chapani kitabu cha sarufi.

Mwandishi wake ni Antonio de Nebrija, mwalimu wa Kilatini aliyesoma Bologna, na kitabu chenyewe ni Gramática de la lengua castellana. Wakati ule sarufi ilikuwa kitu cha Kilatini na Kigiriki. Lugha ya sokoni mtu alijifunza kwa mama yake, kitabu cha nini? Nebrija mwenyewe anasimulia katika utangulizi kwamba alipomwonyesha malkia sampuli ya kazi yake, malkia aliuliza swali hilo hilo: itafaa nini? Jibu lilitolewa na askofu wa Ávila, aliyemnyang'anya Nebrija zamu ya kusema. Alieleza kwamba malkia atatiisha mataifa mengi yenye lugha za kigeni. Mshindi atawapa sheria na lugha yake, na kitabu hiki ndicho kitakachowafundisha.

Sehemu ya tano, ya mwisho, imeandikwa kwa ajili ya watu wa lugha nyingine wanaotaka kujifunza Kikastilia. Yaani mimi. Nilipofahamu hilo nilijisikia vibaya kidogo, kama mgeni aliyekuta jina lake limeshaandikwa kwenye daftari la ushuru. Somo la Kihispania la wanaoanza lilizaliwa na maelekezo ya nani alitarajiwa kukaa darasani na kwa nini. (Kitabu chenyewe hakikuuzika, maskini. Hakikuchapishwa tena mpaka karne ya 18, wakati kitabu chake cha Kilatini kilienda kama maandazi ya asubuhi.)

Nitoke kando kidogo. Katika safari ile Columbus alimchukua mkalimani, Luis de Torres, Myahudi aliyebatizwa, aliyejua Kiebrania, Kikaldayo na Kiarabu kiasi. Walitarajia kufika Asia, na Kiarabu kilikuwa lugha ya wafanyabiashara wa upande ule wa dunia. Novemba akatumwa ndani ya kisiwa cha Cuba kuzungumza na mfalme wa huko. Unaweza kupiga picha Kiarabu chake kilivyopokelewa na Wataíno. Miaka sita baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi akiwa na mkalimani wa Kiarabu, Fernão Martins, na huyu alieleweka. Pwani yetu ndiko ambako ile hesabu ya Columbus ingetoka sawa.

Turudi kwa askofu, maana huyu ndiye mtu niliyekuwa simtarajii. Jina lake Hernando de Talavera, mtawa, muungamishi wa malkia. Baada ya ushindi alifanywa askofu mkuu wa kwanza wa Granada, na sasa ikambidi aishi na wale watu wa lugha ya kigeni aliowazungumzia kirahisi mbele ya Isabel. Akafanya kinyume. Badala ya kuwasukumia Kikastilia, aliwataka mapadri wake wajifunze Kiarabu. Mtawa mwenzake, Pedro de Alcalá, akaandaa kitabu cha sarufi na kamusi ya Kiarabu cha Granada, vyote kwa herufi za Kilatini, vikachapishwa hapo hapo mjini mwaka 1505. Ni Kiarabu cha mtaani, kile cha wauza mboga na mama wa nyumbani, na ndiyo sababu wanaisimu wanakipenda mpaka leo. Wapadri wazima, wenye ndevu, wakaketi kurudia alif, be, te. Waislamu wa Granada walimwita Talavera fakihi mtakatifu.

Lengo lake lilikuwa kuwabatiza, tusimpake mafuta. Hakuwa mtetezi wa tamaduni. Lakini alichukua mzigo wa mwanafunzi upande wake, na hilo katika historia ya washindi ni nadra.

Halikudumu. Mwaka 1499 alifika Kardinali Cisneros, mtu wa haraka, akabatiza watu kwa mafungu na kuwasha moto wa vitabu vya Kiarabu katika uwanja wa Bib-Rambla. Vya tiba vilinusurika, akavichukua. Mtaa wa Albaicín ukainuka. Serikali ikasema uasi umevunja mkataba, na kufikia 1502 kila Mwislamu chini ya taji la Kastilia alitakiwa achague ubatizo au kuhama. Waliobatizwa wakaitwa Wamorisko, jina lenye maana ya kuwakumbusha wote kwamba hawakuwa wa jana tu. Mwaka 1526 ikaja amri ya kupiga marufuku lugha na mavazi yao. Wakachanga fedha nyingi wakamlipa mfalme, na amri ikawekwa kabatini miaka 40.

Kisha miaka 40 ikaisha.

Tarehe 1 Januari 1567, siku moja kabla ya kumbukumbu ya kuanguka kwa mji, amri mpya ya Felipe II ilitangazwa Granada. Wamorisko walipewa miaka mitatu wajifunze Kikastilia. Baada ya hapo ni kosa kusema, kusoma au kuandika Kiarabu, hadharani au chumbani. Mikataba iliyoandikwa kwa Kiarabu haitakuwa na nguvu. Vitabu vya Kiarabu vipelekwe kukaguliwa ndani ya siku 30. Majina ya Kiarabu yaachwe, mabafu yafungwe, wanawake watoe shela, milango iwe wazi Ijumaa ili jirani aone kama kuna ibada.

Miaka mitatu. Nakaa na namba hiyo kila ninapofungua daftari langu. Mimi nina programu kwenye simu, rekodi za sauti, kamusi, umeme, na hakuna anayenifunga nikikosea jinsia ya meza. Mama wa kijijini Alpujarras, mlimani, mwenye miaka 60, alikuwa na nini? Amri haikumpa mwalimu. Haikumpa kitabu. Ilimpa tarehe.

Aliyeyasema haya kwa sauti ni mzee mmoja wa ukoo wa heshima, Francisco Núñez Muley, naye mwenyewe Mmorisko. Aliandika maombi marefu kwa Pedro de Deza, mkuu wa mahakama kuu ya Granada. Ni maandishi ya mtu aliyekwisha kuona amri nyingi zikija na kupita, mwenye adabu, mwenye hoja, na unaiona hasira imekunjwa vizuri chini ya adabu. Alikuwa amekaribia mwisho wa maisha. Na katika ujana wake, kumbe, aliwahi kuwa mtumishi wa Talavera, akafuatana naye katika ziara za Alpujarras. Yaani alimwona kwa macho yake askofu aliyevumilia Kiarabu hata kanisani.

Hoja yake kuhusu lugha ni nyepesi kueleza na ngumu kujibu. Kiarabu siyo Uislamu: kuna Wakristo wa Mashariki na wa Malta wanaosali, wanaosoma na kuandika kwa Kiarabu, na hakuna anayewaita makafiri. Lugha mtu amezaliwa nayo, utaitoaje? Wazee wasingeweza kujifunza Kikastilia hata wapewe umri wote uliobaki, sembuse miaka mitatu, hata kama kazi yao ingekuwa kwenda shule na kurudi tu. Na nani wa kuwafundisha huko vijijini? Hati za mashamba ziko kwa Kiarabu. Ukizifuta, mtu ataonyesha nini kuwa shamba ni lake? Hapo mzee aligusa pabaya, maana katika mambo ya namna hii ukitafuta vizuri, ardhi haikosi.

Wengi wetu tuliopita shule za Afrika Mashariki tunakijua kile kibao kilichovishwa shingoni mtoto aliyesema lugha ya kwao. Silinganishi adhabu. Nalinganisha wazo: kwamba ukimzuia mtu lugha moja, ya pili itaingia yenyewe kama maji kwenye shimo. Haiingii. Kinachoingia kwanza ni kimya.

Deza hakubadili kitu. Mkesha wa Krismasi 1568, kabla hata miaka mitatu haijatimia, Alpujarras iliwaka. Waasi walimchagua Fernando de Válor kuwa mfalme, naye akachukua jina la Aben Humeya, kwa kujihesabu mzao wa Bani Umayya waliotawala Córdoba. Vita vilikuwa vibaya pande zote mbili, mapadri wakiuawa makanisani, vijiji vizima vikiuzwa utumwani, mpaka 1571. Wamorisko wa Granada, pamoja na wale ambao hawakuinua hata fimbo, walikusanywa na kutawanywa Kastilia. Maelfu walifia njiani wakati wa baridi.

Hiyo ni Granada. Lakini kaskazini, Aragon na Kastilia ya zamani, habari ilikuwa nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wamorisko wa huko walikuwa wamekwisha kupoteza Kiarabu vizazi vingi nyuma. Walizaliwa wakisema Kihispania. Walichobaki nacho ni herufi. Basi wakaandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, mtindo uitwao aljamiado, kutoka ajami, neno lile lile lililotuachia Uajemi, likimaanisha asiye Mwarabu. Waliandika hadithi za mitume, maelekezo ya swala, dawa, hata visa vya mapenzi.

Yeyote aliyewahi kutazama hati za zamani za Lamu au Pate atazielewa shida zao. Kiarabu kina alama tatu za irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kihispania nacho tano. Ufanyeje na e? Waandishi wa Kimorisko waliweka fataha kisha wakaongeza alif. Kiarabu hakina p. Wakaandika b na kuitia shada. N yenye shada ikawa ñ. Waandishi wetu walihangaika na p ile ile, na e na o zile zile, kila mmoja akitafuta suluhisho lake, bila upande mmoja kujua kwamba ng'ambo ya bara kuna watu wanakuna kichwa kwa swali hilo hilo.

Vitabu hivyo vilifichwa. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra huko Aragon, nyumba kuukuu ilipokuwa ikibomolewa, rundo la hati lilitokea chini ya sakafu ya uongo, zimepangwa vizuri kama zinamsubiri mwenyewe. Baadhi ziliteketea kabla mtu mwenye kujua thamani yake hajafika. Fikiria: kitabu cha Kihispania safi kabisa, kilichofichwa kwa hofu ya kukutwa nacho, kwa kosa la sura ya herufi zake.

Cervantes aliyajua haya yote. Katika sehemu ya kwanza ya Don Quijote, ya 1605, sura ya 9, hadithi inakatika katikati ya pigano. Msimulizi anadai aliinunua sehemu iliyobaki sokoni Toledo, kwenye madaftari ya Kiarabu, na hakuweza kuyasoma. Akatafuta Mmorisko ajuaye lugha zote mbili. Anasema haikuwa taabu kumpata. Akampeleka nyumbani, na mwezi na nusu baadaye kitabu kilikuwa kimefasiriwa. Malipo: arroba mbili za zabibu kavu na fanega mbili za ngano. Arroba ni ar-rub', robo yetu, robo ya kipimo cha mizigo. Leo neno hilo ndilo jina la ile alama ya katikati ya anwani za barua pepe, kwa hiyo kila Mhispania anayekutajia anwani yake hana budi kusema robo.

Mwandishi wa kubuni wa hati hizo ni Cide Hamete Benengeli. Cide ni bwana, Seyyid kwa kwetu. Sancho Panza, katika sehemu ya pili, analitaja jina la mwisho vibaya kuwa Berenjena, yaani bilingani, na anajieleza kwamba alisikia Wamoro wanapenda mabilingani. Wasomaji hucheka hapo. Nami nilicheka, kwa kuwa bilingani letu na berenjena lao wametoka bustani moja ya Kiarabu na Kiajemi. Lakini tazama alichokifanya Cervantes: riwaya kubwa kuliko zote za Kihispania inajidai kuwa tafsiri kutoka lugha iliyopigwa marufuku, kwa mkono wa mtu aliyelipwa zabibu.

Sehemu ya pili ilitoka 1615. Kati ya vitabu hivyo viwili, kuanzia 1609 hadi 1614, Felipe III alikuwa amewafukuza Wamorisko wote, watu wapatao 300,000. Mfasiri wa Toledo, kama angekuwa mtu wa kweli, asingekuwepo tena. Katika sura ya 54 Sancho anakutana barabarani na jirani yake wa zamani, Ricote, Mmorisko mwenye duka, aliyerudi kwa siri amevaa kama hujaji Mjerumani. Wanakaa chini, wanakula, wanapitisha kiriba cha mvinyo. Ricote anamweleza jinsi anavyoililia Uhispania, na anamweleza kwa Kikastilia kisicho na doa. Cervantes anatuambia hivyo waziwazi, kwamba hakujikwaa hata kidogo kwenye Kimoro chake. Sura hiyo nimeisoma kwa tafsiri. Ndiyo ninayotaka kuisoma kwanza siku nitakapoweza.

Wengi wa waliofukuzwa walishukia Afrika Kaskazini. Tunisia iliwapokea vizuri. Walijenga miji, Testour mmojawapo, ambao bado una mnara wa msikiti wenye saa. Ila wenyeji walishangaa, kwa sababu hawa ndugu waliofukuzwa kwa sababu ya Kiarabu na Uislamu, wengi wao Kiarabu hawakukijua. Ikabidi waandikiwe vitabu vya dini kwa Kihispania, huko huko Tunis, ili waelewe namna ya kutawadha na kuswali, na katika kimoja cha vitabu hivyo mwandishi ameingiza soneti za Lope de Vega. Watoto wao wakaanza upya, alif, be, te.